Spika Mpya Sebuleni: Kuzipanga, Kuzisikiliza na Kuzikagua Mapema

Jozi ya spika inayofika Kibaoni huwa imekwisha kusafiri. Imetoka Mpanda mjini kwa kupita Sitalike na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, au imeteremka kutoka Sumbawanga, au imeagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba. Mara nyingi fedha iliyoinunua ni ya mavuno: mpunga umeuzwa, mahitaji ya shule yametengwa, na kilichobaki kimeruhusu nyumba ijipatie muziki. Siku hiyohiyo spika huwekwa juu ya kabati la televisheni, zikiwa zimebanana ubavu kwa ubavu, nyaya zikaungwa haraka, na watu wakakaa kusikiliza. Kisha sauti inatoka, nayo haifanani na ile iliyosikika dukani. Besi inavuma kama ngoma iliyozibwa, maneno ya mwimbaji hayashikiki, na aliyeketi pembeni anasikia spika moja tu.

Hapo mlaji huwa na njia tatu, na kila moja inaweza kumgharimu. Anaweza kupanda gari kurudi dukani, akalipa nauli ya kwenda na kurudi, na muuzaji akaziwasha mbele yake zikalia vizuri. Anaweza kuamini kwamba kosa lake ni kununua spika ndogo, akaanza kudunduliza fedha za kununua kubwa zaidi. Au anaweza kunyamaza akingoja zizoee, hadi siku za waranti zikapita, kumbe moja ya spika hizo ilitoka kiwandani ikiwa na hitilafu.

Sisi tunashauri jambo jingine. Zipangeni spika vizuri kwanza, kisha zikagueni kwa utaratibu, na yote hayo yafanyike katika wiki ya kwanza. Sehemu kubwa ya kile tunachokisikia tukiwa nyumbani haitoki kwenye spika bali inatoka kwenye kuta, sakafu na paa. Asiyejua kutenganisha kosa la chumba na kosa la spika hawezi kujua wakati gani ana haki ya kudai na wakati gani anapaswa tu kusogeza kabati.

Makala haya yanahusu zile spika ndogo za jozi ambazo wauzaji huziita spika za rafu, zenye kimo cha sentimeta 25 hadi 40 hivi. Nyingine zina amplifaya ndani yake na huchomekwa moja kwa moja kwenye umeme. Nyingine hazina, na huhitaji amplifaya ya pembeni. Mengi tutakayoyasema yanawafaa pia wenye sabufa za kawaida zinazokuja na spika mbili ndogo.

Namba zilizo juu ya boksi

Tuanze na boksi, kwa kuwa ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa, 3,000 au hata 8,000, zikifuatwa na herufi PMPO, hazina maana yoyote ambayo mnunuzi anaweza kuitumia. Herufi hizo hudai kueleza nguvu ya juu kabisa ya kitambo kifupi mno, lakini hakuna kanuni inayokubalika ya namna ya kuipima, hivyo kila mtengenezaji huandika apendavyo. Namba yenye manufaa ni ile inayofuatwa na herufi RMS, ambayo hueleza nguvu inayoweza kudumu. Kifaa kilichoandikwa maelfu ya wati kwa PMPO huweza kuwa na wati makumi tu kwa RMS. Wala wati makumi si haba: sebule ya meta 3 kwa 4 hujaa muziki kwa wati chache sana.

Lipo jambo jingine kuhusu wati ambalo ni vyema likafahamika. Kuongeza nguvu maradufu, tuseme kutoka wati 20 hadi 40, huongeza ukubwa wa sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili, nguvu huhitaji kuongezwa karibu mara kumi. Kwa hiyo anayebadilisha spika za wati 30 kwa za wati 60 akitarajia muujiza atakuwa amelipa sana kwa mabadiliko madogo. Linalotofautisha spika zaidi ni wepesi wake, yaani sauti inayotoka kwa kiasi kilekile cha umeme. Mtengenezaji makini huuandika kwa desibeli, na katika spika za aina hii namba huwa kati ya 84 na 90 hivi. Spika ya 88 hulia kwa wati 20 kama ile ya 85 inavyolia kwa wati 40.

Kwa wenye amplifaya ya pembeni, angalieni pia alama ya omu nyuma ya spika na nyuma ya amplifaya. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 hadi 16 ikiunganishwa na spika za omu 4 hulazimika kutoa umeme mwingi kuliko uwezo wake; itapata joto, na huenda ikaungua. Hilo si hitilafu ya kiwandani, na muuzaji hatalazimika kulilipia.

Nyaya

Kila spika isiyo na amplifaya ndani ina vishikio viwili, chekundu na cheusi, na amplifaya ina vishikio vya rangi hizohizo kwa kila upande. Chekundu kiende kwa chekundu, cheusi kwa cheusi, katika spika zote mbili. Sharti hili linaonekana dogo, lakini kulivunja ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya besi iliyopotea. Spika moja ikigeuzwa, kiwambo chake hurudi nyuma wakati mwenzake anakuja mbele; hewa inayosukumwa na moja huvutwa na nyingine, na sauti nzito hufutana. Sauti nyembamba hubaki, lakini hukosa kitovu, kana kwamba mwimbaji amesimama pande zote mbili za chumba kwa wakati mmoja.

Waya wa kawaida wa shaba wa milimeta za mraba 1.5 au 2.5, ule ambao mafundi umeme hutumia majumbani, unatosha kwa umbali wa sebule yoyote. Hakuna sababu ya kununua waya wa bei ghali wenye ganda la kung'aa. Jihadharini badala yake na ule waya mwembamba sana unaofungwa ndani ya baadhi ya maboksi, ambao ukikwanguliwa kwa kisu huonekana mweupe ndani: huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unafanya kazi kwa umbali mfupi, lakini hukatika upesi ukipindwapindwa. Baada ya kumenya ncha za waya, zisokoteni vizuri ili hata uzi mmoja usitoke nje na kugusa kishikio cha jirani. Uzi mmoja wa shaba unaweza kuua amplifaya nzima. Kazi hii ifanyike amplifaya ikiwa imezimwa na imechomolewa.

Chumba chenyewe

Nyumba nyingi mpya za Kibaoni, kama zilivyo nyingi za mkoa wa Katavi, zimejengwa kwa matofali ya kuchoma au ya saruji, zimesakafiwa kwa saruji na kuezekwa kwa bati. Ni nyumba imara, lakini kwa muziki ni nyumba ngumu. Matofali yaliyopigwa lipu, saruji na bati huirudisha karibu sauti yote inayoyafikia. Mtu akipiga kofi katika sebule tupu husikia mlio mfupi wa kurudiarudia, na mlio huohuo ndio unaoingia katikati ya maneno ya mwimbaji na kuyavuruga. Dukani tatizo hilo halikusikika kwa sababu duka limejaa maboksi, na mlango wake uko wazi barabarani.

Dawa ya mwangwi ni vitu laini, na vingi vimo nyumbani tayari. Mkeka au zulia kati ya spika na wasikilizaji huondoa mrejesho wa sakafuni, ambao ndio ulio karibu zaidi. Makochi ya sponji husaidia. Viti vya plastiki havisaidii hata kidogo. Pazia zito lenye mikunjo hufanya kazi kuliko pazia jepesi lililonyooshwa. Khanga na vitenge vilivyotundikwa ukutani hupendeza, lakini kwa sauti ni vyepesi mno, labda vikunjwe mara nne. Yapo pia makreti ya mayai, ambayo watu wengi huyabandika ukutani wakidhani ni dawa ya studio. Huzuia kidogo tu sehemu ya sauti nyembamba, hayagusi besi, na hushika moto upesi. Hatuyapendekezi.

Kwa sauti nzito, mkeka na pazia haviwezi kitu. Hapa linalotawala ni ukubwa na umbo la chumba. Sauti husafiri takriban meta 343 kwa sekunde, na mawimbi ya besi ni marefu kama chumba chenyewe au zaidi. Kila chumba kina sauti zake nzito ambazo hukikaa kama maji yanayochezacheza ndani ya beseni: chumba chenye urefu wa meta 4 hukuza sauti iliyo karibu na hezi 43, na upande wa meta 3 hukuza iliyo karibu na hezi 57. Ndiyo maana chumba cha mraba, cha meta 3 kwa 3, kina taabu kuliko vyote. Pande zake zote mbili hukuza sauti ileile moja, na noti moja ya gitaa la besi hunguruma huku zile za jirani zikiwa hazisikiki. Hiyo haiondolewi kwa kununua spika nyingine. Hupunguzwa kwa kuchagua mahali pa kuziweka na mahali pa kukaa.

Mahali pa kuziweka

Chukueni futikamba ya fundi, au kamba yenye fundo. Spika ya kushoto, spika ya kulia na kichwa cha msikilizaji vinapaswa kuwa ncha tatu za pembetatu yenye pande sawa, au inayokaribia hapo. Katika sebule zetu hiyo ni meta 1.5 hadi 2.5 kwa kila upande. Spika zikibanana juu ya kabati moja, kila kitu hutokea katikati, na fedha iliyolipwa kwa spika ya pili huwa imepotea bure. Zikitenganishwa mno, huachwa tundu katikati, na sauti ya mwimbaji hugawanyika. Anzeni na meta 1.8, kisha mjaribu.

Kimo ni jambo la pili. Sauti nyembamba, ile ya herufi kama s na f, ya manyanga na ya nyuzi za juu za gitaa, hutoka kwenye kile kiwambo kidogo cha juu ambacho mafundi hukiita twita, na husafiri mbele kama mwanga wa tochi. Twita iwe usawa wa masikio ya aliyeketi: katika kochi ni kama sentimeta 90 hadi 100 kutoka sakafuni, na kwa wanaokaa mkekani ni chini zaidi. Kabati likiwa refu, inamisheni spika kidogo mbele kwa kuweka kipande cha mti chini ya ukingo wa nyuma, mkihakikisha haiwezi kuteleza na kuanguka. Kabati likiwa fupi, inamisheni kinyume chake.

Kitako kiwe imara. Mkoa wetu una mafundi seremala hodari, na stendi mbili za mninga zenye miguu mipana hugharimu kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Lakini hata nguzo ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa na kushikizwa kwa udongo au saruji hutosha, na pengine ni bora kwa kuwa haitetemeki. Kati ya kitako na spika wekeni vipande vinne vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Vipande hivyo huzuia mtetemo usishuke kwenye kabati na kuvifanya vyombo vya udongo na glasi viimbe pamoja na kwaya. Waya upitishwe nyuma na kufungwa, usining'inie mbele mahali ambapo mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuuvuta. Spika ya kilo 6 ikidondoka kutoka meta moja humuumiza mtoto vibaya.

Umbali kutoka ukutani ndio unaobadilisha sauti kuliko yote, na haugharimu chochote. Ukuta ulio karibu huongeza besi; kona, ambayo ni kuta mbili pamoja na sakafu, huiongeza zaidi. Anayelalamika kwamba spika zake zinavuma mara nyingi amezitia konani. Anayelalamika kwamba ni nyepesi mara nyingi ameziweka mbali na kila ukuta. Anzeni na sentimeta 30 kutoka ukuta wa nyuma na sentimeta 60 kutoka ukuta wa pembeni, na msifanye namba hizo mbili zilingane. Chezesheni wimbo mmoja wenye gitaa la besi, msogeze spika sentimeta 10 kwa wakati, na kila mara mrudi kukaa mahali pa kusikilizia. Spika nyingi za aina hii zina tundu la kupumulia, mbele au nyuma. Tundu likiwa nyuma, lisikaribie ukuta kwa chini ya sentimeta 15, wala spika isifungiwe ndani ya kabati.

Aliyeketi naye ana sehemu yake. Makochi yetu huegemea ukuta, na ukutani ndipo besi hujaa zaidi. Katikati kabisa ya chumba ndipo hupotea. Kuvuta kochi mbele hata sentimeta 40 husaidia. Hatudai nyumba nzima ipangwe upya kwa ajili ya muziki, kwa kuwa sebule ni ya wageni, ya chakula na ya watoto kufanyia mazoezi ya shule. Lakini kati ya kuvuta kochi na kununua spika nyingine, la kwanza lijaribiwe kwanza.

Mwisho, zigeuzeni spika kidogo ndani ili zimtazame msikilizaji, au zikutane nyuma kidogo ya kichwa chake. Sauti ikiwa kali mno, zinyoosheni zitazame mbele. Wale ambao bado wana televisheni za chogo wasiziweke spika karibu na kioo: sumaku yake huchafua rangi za picha. Umbali wa nusu meta unatosha. Televisheni bapa za siku hizi hazina shida hiyo.

Kuzisikiliza na kuzikagua

Tumependekeza wiki ya kwanza. Muuzaji anaweza kusema kwamba spika mpya ni ngumu, zinahitaji miezi ya kulainika. Ni kweli kwamba viwambo hulegea kidogo kwa matumizi, lakini mabadiliko hayo ni madogo, na hufanyika katika saa za mwanzo. Mkwaruzo, mlio wa karatasi iliyochanika, au spika moja kulia chini kuliko mwenzake si ugumu wa upya, na hautaondoka kwa kungoja. Kinachoondoka kwa kungoja ni waranti.

Anzeni na sauti ya mtu anayesema. Taarifa ya habari ya TBC Taifa inafaa kuliko wimbo wowote, kwa kuwa kila mmoja wetu anajua sauti ya binadamu inavyopaswa kuwa. Mkiketi kwenye ncha ya pembetatu, msomaji habari asikike akitokea katikati, mahali pasipo na spika, kana kwamba ameketi pale. Asipokuwepo katikati, kagueni kwanza rangi za nyaya. Baadaye wekeni muziki wa zamani wa dansi; rekodi nyingi za zama za Redio Tanzania zilikuwa za njia moja, hivyo bendi nzima inapaswa kukaa katikati. Kisha wekeni wimbo mpya, ambapo vyombo vitatawanyika kushoto na kulia.

Mkisikia kasoro, msiende dukani bado. Fanyeni jaribio hili, ambalo ndilo lenye thamani kuliko mengine yote katika makala haya. Zimeni kila kitu, kisha hamisheni spika: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto, nyaya zikibaki mahali pake. Chezesheni wimbo uleule. Kasoro ikihama pamoja na spika, spika ndiyo mbovu. Kasoro ikibaki upande uleule, kosa liko kwenye waya, kwenye amplifaya au kwenye chumba. Ili kujua ni lipi kati ya hayo, rudisheni spika mahali pake na mbadilishane nyaya kwenye amplifaya. Kasoro ikihamia upande wa pili sasa, amplifaya ndiyo ya kulaumiwa. Ikibaki palepale, jaribuni waya mwingine. Nayo ikiendelea, tafuteni kitu kinachotetemeka: kioo cha dirisha, sufuria juu ya kabati, bati lililolegea msumari. Fundi redio atawatoza fedha kwa jaribio hili, ilhali linachukua dakika 20.

Mvumo wa kudumu usiokoma hata muziki ukisimama hutoka kwenye umeme. Wanaotumia sola wanaujua: inveta za bei nafuu hutoa umeme usio laini, na amplifaya huunguruma. Jaribuni kifaa hichohicho kwa jirani mwenye umeme wa gridi kabla ya kukilaumu. Umeme wetu ni wa volti 230. Unaposhuka na kupanda, tumieni stebilaiza. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, radi zinapoanza, chomoeni plagi ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Sauti ikianza kukwaruza mnapoiongeza, punguzeni mara moja. Amplifaya iliyozidiwa hutoa umeme uliovunjika unaounguza twita, na twita iliyoungua kwa sababu hiyo haimo katika waranti nyingi. Masikio nayo hayana waranti. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usikilizaji salama. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Nyumba isiyo na dari, ambayo kuta zake za ndani hazifiki kwenye bati, hupeleka sauti yote ya sebuleni hadi alipolala mtoto, na kutoka hapo hadi kwa jirani. Kelele zinazosumbua watu zinadhibitiwa na kanuni za mazingira za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo, na kanuni hizo hazijali kama aliyepiga muziki yuko baa au yuko kwake.

Pale spika inapokuwa mbovu kweli

Mkishathibitisha kwamba kosa ni la spika, hali yenu mbele ya muuzaji ni tofauti kabisa. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na inaweka masharti yanayoambatana na mauzo hata kama hayakuandikwa popote, likiwemo la bidhaa kufaa kwa kazi inayouziwa. Kibandiko cha dukani kisemacho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hakiyafuti masharti hayo kwa bidhaa yenye hitilafu. Lakini tuseme wazi upande wa pili pia: spika nzima isiyompendeza mnunuzi, au isiyoelewana na chumba chake, si bidhaa mbovu. Muuzaji anaweza kukubali kuibadilisha kwa hiari yake, ila halazimiki.

Dai hutegemea karatasi. Sheria za kodi zinamtaka muuzaji kutoa risiti ya mashine ya EFD na mnunuzi kuidai. Risiti hiyo huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na joto la bonde la Rukwa haliisamehi. Ipigeni picha kwa simu siku hiyohiyo. Hakikisheni imeandika aina ya kifaa, si neno "bidhaa" tu. Kadi ya waranti igongwe muhuri wa duka na kuandikwa tarehe kabla hamjaondoka. Wanaoagiza kwa basi wapige picha boksi kabla ya kulikata kamba, na wamwombe wakala awe shahidi likiwa limebonyea. Boksi na sponji zake vitunzwe hadi waranti iishe, kwa kuwa spika inayorudishwa ndani ya kiroba itaumia njiani, na muuzaji atasema ndivyo ilivyoumia.

Mpigieni muuzaji kwanza na kumweleza matokeo ya jaribio: kwamba mkwaruzo umehama pamoja na spika ya kushoto, na kwamba mmejaribu nyaya zote mbili. Maelezo hayo humwonyesha kwamba anaongea na mtu aliyekagua, na mara nyingi huokoa safari moja. Akikataa, wekeni dai kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, mkitaja tarehe ya ununuzi, namba ya risiti, namba ya kifaa iliyo nyuma ya spika, kasoro, na mnachoomba: matengenezo, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Mpeni siku za kujibu. Asipojibu, pelekeni nakala za karatasi hizo kwa Afisa Biashara wa halmashauri, au kwa Tume ya Ushindani. Mkihisi kwamba kifaa ni hatari, kwa mfano kinapiga shoti, kinatoa harufu ya kuungua au plagi yake inayeyuka, acheni kukitumia papo hapo na mtoe taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania, hata kama muuzaji amekwisha kuwarudishia fedha.

Kwa zile zilizo nzima, limebaki suala la vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi huingia kila mahali, na viwambo vya spika hulishika. Zifunikeni kwa kitambaa chepesi zisipotumika, na mkiondoe kabla ya kuwasha. Futeni kwa brashi laini kavu, kamwe si kwa kitambaa chenye maji, na msiiguse twita kwa kidole. Lile tundu la kupumulia lichungulieni kwa tochi kila baada ya miezi michache: mende hupenda kujificha humo, na nyigu wa udongo wanaweza kujenga ndani yake bila mtu kuwaona.